Uzi: Maua ya mwituni na uyoga wa Pwani ya Kenya, tupige picha zinazotambulika

MwanaTudor
Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Masika yameingia na maswali ya "jamani hili ua gani?" yameanza kumiminika kwenye magrupu. Picha zenyewe nyingi hazijibiki. Ua limejaa kioo kizima, nyuma ukungu mtupu, jani halionekani, shina halionekani, hujui limeota mchangani au juu ya jiwe la matumbawe. Kupendeza imependeza, lakini jina hutoi hapo. Nafungua uzi huu tuweke mahali pamoja mambo ya wapi, lini na vipi, kwa maua ya asili ya huku kwetu na kwa uyoga. Wa uyoga wajazie, mimi sehemu yangu ni maua.

Kabla ya picha ya kupendeza, chukua za kazi. Anza na mmea mzima pamoja na pale ulipoota, ukiwa umerudi nyuma hatua mbili tatu. Kisha ua kwa mbele, na ua kwa ubavu. Ya ubavu ndiyo watu huisahau. Chukulia jamii ya Ipomoea: kwa mbele karibu zote ni mrija wa zambarau au waridi uliofunguka, na wajuzi huzitenganisha kwa sepali, vile vijani vilivyoshika ua kwa chini. Ncha yake ni kali au butu? Ina manywele? Picha ya mbele haikwambii. Baada ya hapo jani, juu na chini, na namna majani yalivyopangana kwenye shina, yanatazamana mawili mawili au yanapishana. Tunda likiwapo, hata bichi, lipige pia. Rula ya shule ya sentimita 15 ukiilaza pembeni katika picha moja, inatosha.

Na si kila kilichojiotea ni cha asili. Bogenvilea asili yake Amerika Kusini, lantana Amerika pia, msanapichi vile vile, na lile ua la waridi lenye jicho jekundu linalojaa kwenye viwanja vya pwani, Catharanthus, ni la Madagaska. Mwarobaini umetoka Asia na sasa umevamia mpaka kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda. Si haramu kuvipiga picha, ila ukivirekodi uviandike kuwa ni wageni, na cha bustanini ukiandike kimepandwa.

Kichuguu_Kwale
Shukran MwanaTudor. Upande wa uyoga shida ni ile ile, tena imezidi, maana kofia kwa juu karibu haisemi kitu. Majibu yako chini. Geuza macho kwenye mikunjo ya chini ya kofia (au vitundu, kwa aina zisizo na mikunjo): ina rangi gani, imeshikana na shina au imejitenga nalo? Shina lina pete? Na kitako cha shina kimekaaje ardhini? Hicho kitako ndicho kikubwa kuliko vyote. Jamii ya Amanita, ambayo ndani yake mna aina zinazoua, nyingi huchomoza kutoka kwenye kifuko, na ukiung'oa uyoga kwa kuuvuta kifuko hubaki udongoni. Ushahidi umeuacha shimoni.

Mahali ambapo hakuna ruhusa ya kuchuma, yaani misitu ya hifadhi ya Shimba Hills na Arabuko-Sokoke, na kaya zote, tembea na kioo kidogo cha mkoba. Kilaze chini ya kofia kikiwa kimeinama kidogo, kisha lenga fokasi kwenye taswira iliyo ndani ya kioo. Simu hupenda kukamata ukingo wa kioo, kwa hiyo gusa katikati na ushikilie mpaka fokasi ijifunge. Kitako nacho hakihitaji kung'olewa: ondoa majani makavu kwa kidole, piga, yarudishe yalivyokuwa.

Shambani kwako, au kwa mtu aliyekuruhusu, chukua mmoja uliokomaa na mmoja mchanga. Zungusha kisu mbali kidogo na shina, uinue pamoja na udongo wake. Ukifika nyumbani fanya chapa ya spora, ule unga laini ambao ndio mbegu za uyoga. Kata shina, laza kofia mikunjo ikitazama chini juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu nyeusi, tia tone moja la maji juu ya kofia, funika kwa bakuli. Feni zima. Acha kwa muda wa saa nne hadi usiku kucha. Karatasi ni ya rangi mbili kwa sababu spora nyeupe hazionekani kwenye nyeupe. Rangi utakayoikuta hupunguza kazi sana: nyeupe kwa Amanita, waridi kwa uyoga wa kichuguu (Termitomyces), nyeusi kwa ile midogo ya kwenye samadi.

Kinachoharibu chapa huku kwetu ni maji. Kofia iliyonyeshewa huvuja, spora zikasambaa zikawa doa lisilo na umbo. Ifute kwa tishu kwanza. Kofia changa ambayo haijafunguka haitoi kitu, na iliyozeeka imeshamaliza kumwaga, hapo utapata funza tu.

FundiLenzi_Nyali
Niongezee upande wa kamera, kisha wa simu tutawafikia.

Lenzi ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) ya 90 hadi 105 mm inatosha kwa yote mawili. Kwa ua, adui ni upepo. Kasi ya shata isishuke 1/200 ya sekunde, na ukiwa ufukweni wakati wa kusi panda 1/500, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande tu. Tundu la lenzi f/8. Watu husukuma mpaka f/22 wakitaka kila kitu kiwe wazi, halafu wanashangaa picha nzima imelainika. Tundu likiwa dogo kupita kiasi mwanga hupinda na kuua makali, kwa hiyo f/11 iwe mpaka wako.

Kwa uyoga mambo yanageuka. Uyoga hautikisiki, na chini ya miti kuna giza. Tripodi fupi, au kifuko cha mchele wa kilo moja kama huna, ISO 100 au 200, shata hata nusu sekunde au sekunde nzima, kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Ukikaribia hadi ukubwa wa moja kwa moja, yaani kitu cha milimita 20 kinachukua milimita 20 za kihisio, sehemu iliyo wazi kwa f/8 haifiki milimita 1. Ndiyo maana jicho la uyoga liko wazi na ukingo wa kofia umepotea. Dawa yake ni picha nyingi zilizopangwa: anza fokasi kwenye ukingo ulio karibu nawe, songa nusu milimita kila picha, kumi hadi ishirini, kisha programu iziunganishe. Kwa ua la porini mbinu hii haifanyi kazi, upepo unalisogeza kati ya picha na picha na utapata petali mbili mbili.

Mwanga. Jua la saa tano la Mombasa linaunguza petali nyeupe na kutia vivuli vyeusi chini. Usisubiri wingu, lifanye mwenyewe: kitambaa cheupe chepesi kilichotandazwa baina ya jua na ua, sentimita 30 hivi juu yake. Upande wa pili weka kitu cha kurudisha mwanga, na kwa hili hakuna kinachoshinda pakiti ya maziwa ya UHT iliyopasuliwa, ule upande wa ndani wa fedha. Kwa uyoga ielekeze chini ya kofia, mikunjo itawaka yenyewe. Flashi ya moja kwa moja achana nayo, unyevu wa kofia unarudisha doa jeupe.

Jambo moja la rangi nyekundu. Gloriosa (mkalamu), na lile tufe jekundu la Scadoxus linalotoka ardhini mvua za kwanza zikipiga, hujaza rangi nyekundu kabla kamera haijaona kuwa picha imezidi mwanga. Petali zinakuwa bapa, hazina mshipa hata mmoja. Punguza mwanga theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga cha kamera), na kama kamera ina mchoro wa rangi tatu tazama wa nyekundu peke yake.

salma.simu
Sisi wa simu tufanyeje basi? Yangu nikikaribia sana inajibadilisha lenzi yenyewe na picha inakuwa ya ajabu, pembeni pamepinda na kivuli cha simu kimeingia.

FundiLenzi_Nyali
Dada Salma, hiyo ni lenzi pana inachukua kazi ya makro. Zima makro ya kujiendesha kwenye mipangilio. Kisha usikaribie: kaa sentimita 15 hadi 20, vuta mara 2. Kivuli kinaondoka na ua halipindi. Gusa pale unapotaka, shikilia mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga kidogo.

Kwa uyoga geuza simu juu chini. Lenzi zikiwa upande wa ardhi unapiga kutoka sentimita mbili juu ya udongo, na unaona chini ya kofia bila kulala matopeni. Egemeza simu kwenye kifuko cha mchele, weka kipima muda cha sekunde 3. Na ufute lenzi. Nusu ya picha "zenye ukungu" ni mafuta ya kidole.

Mchu_na_Mkandaa
Mnazungumza misitu, mmesahau ufuko na mikoko, na hivyo ndivyo vilivyo karibu na kila mtu wa Mombasa.

Ufukweni, kuanzia Nyali hadi Shanzu, na kusini Tiwi, tafuta palipobaki mchanga usiojengwa ukuta. Ipomoea pes-caprae inatambaa mita nyingi, jani lake limegawanyika ncha. Maua yake nenda nayo asubuhi, saa 1 hadi saa 3, mchana yanajikunja. Pamoja nayo utakuta Canavalia rosea, mkunde wa waridi unaotambaa, ambao ua lake limepinduka: petali kubwa iko chini badala ya juu. Lipige kwa ubavu uonyeshe hivyo, ndiyo alama yake. Kwenye miamba ya matumbawe inayopigwa na mawimbi kuna Pemphis acidula, kichaka kigumu chenye maua madogo meupe.

Mikokoni unapanga safari kwa maji, si kwa saa. Angalia jedwali la maji, ingia kupwa kunapokaribia na utoke kabla hayajaanza kujaa. Wakati wa bamvua maji hurudi upesi na matope hayakimbiliki. Tudor, Mikindani, Jomvu na Mtwapa kote kuna njia za wavuvi na vikundi vinavyopanda mikoko, ingia na mwenyeji. Mkoko, mkandaa na mchu maua yao ni madogo, yanataka makro hasa. Muia una kikombe chekundu chenye ncha nyingi, huo hata simu inaupata, na vikombe vilivyoanguka vinakusanyika chini. Mlilana ndio wa pekee: huota upande wa bahari kabisa, ua lake hufunguka usiku, stameni (nyuzi za chavua) nyeupe nyingi kama brashi, na alfajiri zimeshaanza kumwagika. Ukifika saa 3 utapiga picha ya kikombe kitupu. Chagua siku ambayo kupwa kumeangukia magharibi au alfajiri.

Mbuyu ni hivyo hivyo. Ua jeupe linaning'inia na hufunguka jua likizama, popo wanalijia, kesho yake linaanguka. Mibuyu ya Mama Ngina, hapa hapa Mombasa, haihitaji safari. Msimu wake ni vuli, kwa hiyo mnaoandaa sasa hivi subirini Oktoba. Pale kamera isielekee kivuko wala majengo ya serikali yaliyo jirani, mtapoteza jioni yenu mkijieleza kwa askari.

baraka_likoni
Wakuu naomba mnielekeze. Nimesikia kuna zile "African violet" za asili karibu na Kaloleni kwenye majabali. Mwenye pin anitumie inbox, nataka kwenda Jumapili.

MwanaTudor
Kaka Baraka, pin hupati hapa, na usikasirike. Saintpaulia ya kwetu (ndiyo hiyo African violet), aina ya rupicola, inaota kwenye majabali ya chokaa yenye kivuli katika sehemu chache mno za Kilifi na jirani zake, na imo katika kundi la mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Mmea wenyewe unakaa kwenye moss kina cha kidole. Watu watatu wakipanda jabali wakitafuta pembe nzuri ya picha, wameubandua. Na wapo wanaochimba wakauze.

baraka_likoni
Lakini pin zote ziko mtandaoni tayari, kuna ubaya gani?

MwanaTudor
Si zote. iNaturalist, ule mtandao wa kurekodi mimea na viumbe, ikitambua kuwa aina iko hatarini huficha mahali penyewe, inaonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kwa kila upande, yaani kama kilomita 22. Wewe ndiye unayevujisha ukiweka picha ile ile kwingine na GPS imebaki ndani ya faili. Zima mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kupanda. WhatsApp ukituma kama picha inaondoa taarifa hizo, lakini ukituma kama dokumenti zinakwenda zote. Na hata bila GPS, picha pana inayoonyesha jabali na kilima cha nyuma ni ramani tosha kwa mwenyeji wa pale.

Nenda kupitia wazee wa eneo na mwongozaji wao. Ukifika, piga kutoka chini kwa lenzi ndefu, 200 mm na zaidi, mguu usiguse jabali. Okidi za juu ya miti hupigwa hivyo hivyo. Ansellia, ile ya manjano yenye madoa ya kahawia, iko juu ya mikoma na miti mikubwa, na okidi yoyote ile biashara yake ya nje inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mitapo (cycad) ya Shimba Hills na ya kaya imebanwa zaidi, imo kwenye orodha ya kwanza ya mkataba huo.

Kichuguu_Kwale
Na ukiwa unatazama juu, chungulia matawi membamba. Microcoelia ni okidi isiyo na majani kabisa, fungu la mizizi ya kijivu na kijani limeng'ang'ania tawi. Mizizi ndiyo inayotengeneza chakula. Watu huipita wakidhani ni kiota kilichoharibika. Maua yake ni meupe, milimita chache tu, bila makro hakuna picha.

hamisi_mvita
Swali la uyoga. Bustani ya shule jirani kumeota mikubwa myeupe, imepanga duara, kofia kama sahani. Nikiweka picha hapa mtaniambia kama unalika?

Kichuguu_Kwale
Hapana. Hakuna atakayekwambia, na atakayekwambia usimwamini. Picha haiamui chakula.

Ulivyoeleza, mikubwa, nyasi za bustani, duara, na kama ina magamba ya kahawia juu, wa kwanza kumshuku ni Chlorophyllum molybdites. Ukiwa mchanga mikunjo yake ni myeupe na unadanganya kabisa. Ukikomaa mikunjo inageuka kijani chafu na chapa yake ni ya kijani, hilo ndilo linalouumbua. Ukiliwa, tumbo huanza kuchafuka ndani ya saa chache, matapishi na kuhara kwa nguvu. Amanita zenye sumu ya ini ni mbaya kwa namna nyingine: huanza kimya, saa 6 na zaidi hupita kabla ya dalili, na wakati huo sumu imeshaingia kazini. Mtu akila na akaugua nenda hospitali na mabaki ya uyoga kwenye karatasi, si kwenye plastiki, maana kwenye plastiki yanaoza njiani.

Wenye kuchuma uyoga wa kichuguu miaka yote wanautambua kwa mambo yanayoonekana pia pichani, kwa hiyo yapigeni: ncha ngumu katikati ya kofia inayotumika kutoboa udongo, na mzizi mrefu unaoshuka mpaka kwenye bustani ya mchwa chini. Mzizi ukikatika kwa kuvutwa, alama imekwenda. Kuna na Termitomyces microcarpus, midogo ya sentimita moja hadi mbili, inatapakaa kwa mamia juu ya udongo karibu na kichuguu. Huu ni mzuri kwa picha pana, kichuguu kikiwa nyuma.

salma.simu
Na lini hasa? Mimi nikienda baada ya mvua sioni kitu.

Kichuguu_Kwale
Mvua moja haitoshi. Majani ya chini lazima yalowe mpaka kwenye udongo, na hilo linataka mvua ya siku mbili au zaidi mfululizo. Kisha hesabu siku 2 hadi 5. Ukienda siku ile ile ya mvua umewahi, ukienda baada ya wiki ya jua umechelewa. Mwezi wa Mei ndio mvua nyingi zaidi Mombasa, kwa hiyo Mei na mwanzo wa Juni, halafu tena Novemba.

Midogo ya Marasmius juu ya majani makavu hunyauka ikawa uzi na kufufuka ikilowa, asubuhi na mapema ndio wakati wake. Ya magogoni haina msimu mkali: Pycnoporus ya rangi ya chungwa kali, Schizophyllum yenye mikunjo iliyopasuka katikati kwa urefu (itazame kwa makro, mpasuko huo ndio kitambulisho), sikio la mti, Ganoderma kwenye visiki. Anza na hizo ukiwa mgeni wa mambo haya, zinakaa hazikukimbii.

Mti ulio karibu uandike. Miti mingi ya msitu wa pwani haina ushirika na uyoga wa Amanita, Russula na Cantharellus, lakini mrihi na mbambakofi wanao. Ukiwa Arabuko-Sokoke kwenye eneo la mrihi, mchanga mweupe, ndipo utafute hizo ardhini. Ukiandika tu "msituni" umetupa nusu ya ushahidi.

juma_picha
Mimi huwa natembea na chupa ya kunyunyizia maji yenye gliserini, nanyunyiza ua linang'ara kama lina umande. Na majani yanayoziba nayang'oa. Inatoka safi sana, kwa nini hamkuitaja?

FundiLenzi_Nyali
Hatukuitaja kwa sababu haina kazi hapa, sheikh. Gliserini inanata, inakusanya vumbi na kugandisha chavua, na nyuki akija anapata lami. Maji matupu ukitaka, sawa. Majani yanayoziba yafunge nyuma kwa uzi laini, ukimaliza fungua. Jani kavu waweza kulitoa. Uyoga kuuhamisha juu ya gogo la kijani lenye moss ili upendeze, hiyo ni picha ya uwongo, kwa sababu gogo ni sehemu ya utambulisho.

Kwa shina linaloyumba, kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti kilichochomekwa ardhini. Banisha shina, si kikonyo cha ua, na usibane okidi.

Bi_Kinondo
Mimi niseme la kaya tu. Kaya si bustani ya picha. Ni mahali pa ibada za Mijikenda, na kadhaa zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008. Huingii bila wazee. Kaya Kinondo ina waongozaji na utaratibu: unafungwa shuka jeusi, hupigi kelele, hutoi kitu, hata jani lililoanguka. Kuna sehemu mwongozaji atakwambia kamera chini, na hapo hakuna kujadiliana wala kusema "ni uyoga tu". Uliza kabla ya kuinua kamera kila mnapobadilisha mahali.

Mchu_na_Mkandaa
Ahsante Bi. Na Shimba Hills kwa wasiojua: kuna ndovu na nyati, hutembei peke yako. Njia ya maporomoko ya Sheldrick mnashuka na askari wa KWS (shirika la wanyamapori) mwenye silaha, kama kilomita 2, na kurudi ni mlima mtupu. Mwambie mapema kuwa nyinyi ni wa picha za chini na mtasimama sana, la sivyo atawakimbiza na kundi.

Nguo ndefu, suruali ndani ya soksi kwa ajili ya kupe. Kabla ya kupiga magoti gonga majani kwa kijiti, kifutu hulala humo humo uyoga unamoota na hakimbii. Siafu wakikatiza njia, ruka mbali kwanza, kamera baadaye.

salma.simu
Upupu je? Kuna mtu kanitisha.

Mchu_na_Mkandaa
Kakutisha kwa haki. Maua yake ni mazuri, ya zambarau iliyoiva, yanashuka kama kichala, na hayawashi. Maganda ndiyo yenye manywele, na yakikauka, mvua zikishapungua, upepo unayabeba. Piga ua, ganda kavu lipige kwa mbali ukiwa upande unakotoka upepo. Ukiguswa usijikune wala usijipanguse, unayazamisha. Bandika tepu na ubandue mara nyingi, au tumia unga uliokandwa, kisha ndipo uoshe kwa sabuni. Nguo zibadilishe.

FundiLenzi_Nyali
Na kamera yenyewe iwe na usalama wake. Ukitoka kwenye gari la kiyoyozi kuingia joto la nje, lenzi inapiga ukungu papo hapo. Iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa nusu saa izoee joto. Ukifuta inarudi tu, na ukibadilisha lenzi wakati huo unyevu unaingia ndani.

Ukirudi nyumbani usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi kabatini. Hewa ya Mombasa inaotesha kuvu ndani ya kioo cha lenzi, nyuzi nyembamba za kijivu zinazoanzia pembeni, na zikishakula rangi ya kioo hazisafishiki. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, silika (chembe za kunyonya unyevu) ya gramu 200 hivi, na kipimo kidogo cha unyevu ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikibadilika rangi ioke kwenye moto mdogo mpaka irudi. Ukitoka ufukweni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Ukianza na kikavu unasugua chumvi na mchanga.

salma.simu
Haya, mwisho. Jumamosi hii nina nusu siku, sina gari, naishi Kisauni, simu tu. Niende wapi? Mvua imepiga Jumatano na Alhamisi.

Kichuguu_Kwale
Dada, Kwale nusu siku hutafaidi, ukivuka Likoni na kupanda matatu umeshapoteza asubuhi. Nenda Haller Park, Bamburi. Ni machimbo ya saruji yaliyopandwa miti kuanzia 1971, msitu wa asili si huo, lakini chini ya mivinje kuna majani na magogo mengi, na mvua ya siku mbili ni ya kutosha kwa uyoga wa Jumamosi. Tembea polepole, tazama visiki upande wa kivuli.

Mchu_na_Mkandaa
Kabla ya Haller anza ufukweni saa 1 asubuhi, Ipomoea na Canavalia ziko wazi, upepo haujaamka. Saa 3 panda matatu ya Bamburi. Beba kioo cha mkoba, pakiti ya maziwa, rula, kitambaa cheupe, kifuko cha mchele. Betri ya akiba pia, kioo cha simu kikiwaka juani siku nzima chaji haifiki mchana.

MwanaTudor
Na uziweke hapa zikiwa nne nne kwa kila kitu, mzima, mbele, ubavu au chini, na mahali. Wa ufukweni nitawajibu mimi, wa uyoga mwachie Kichuguu. Mti uliokuwa karibu usipouandika atakurudisha.